Mimi wa Duniani, Mimi wa Mirihi

Mwaka 1984 mwanafalsafa Mwingereza Derek Parfit alichapisha kitabu chake Reasons and Persons, na ndani yake mna mashine ya kusafirisha watu. Msafiri anaingia kwenye kijumba, anabonyeza kitufe na kupoteza fahamu. Mashine inasoma kila seli yake, inauteketeza mwili, kisha inatuma taarifa kwa redio hadi sayari ya Mirihi, ambako unaundwa mwili mwingine usio na tofauti hata chembe. Pale alipojikata na wembe asubuhi, kwenye mdomo wa juu, kidonda kipo.

Baadaye inakuja mashine mpya isiyoteketeza. Msafiri anatoka kijumbani akiwa hai, ila anaambiwa kwamba moyo wake umeharibiwa na siku zake zinahesabika. Nakala yake iko Mirihi, na wawili hao wanaweza kuonana na kuzungumza kwa mitambo.

Tuwasikilize. Wa Duniani anasema, "Mimi nina moyo mbovu." Ni kweli. Wa Mirihi akitamka maneno hayohayo, si kweli, kwani wake ni mzima. Mwanafalsafa Mmarekani David Kaplan alilifafanua jambo hili vizuri katika miaka ya 1970: kanuni ya kiwakilishi haibadiliki, yaani "mimi" humtaja anayelitamka, anayetajwa ndiye hubadilika kwa kumfuata msemaji. Hadi hapo hakuna fumbo.

Fumbo linaanza kitenzi kinapobadili wakati. Wote wawili wanasema, "Nilijikata na wembe leo asubuhi," na wote wanaukumbuka uchungu wake. Lakini mdomo wa yule wa Mirihi haukuwepo asubuhi. Kanuni ya Kaplan inatuonyesha nani anasema sasa. Haituelezi kama huyo ndiye yuleyule wa asubuhi. Vivyo hivyo kwa swali la kabla ya safari: "Nitaamkia wapi?" Kiambishi ni- kinatufanya tudai jibu moja, wakati watakaoamka ni wawili.

Parfit alisema tusilidai. Ukishajua yote yaliyoipata miili na kumbukumbu, hakuna ukweli mwingine uliojificha. La maana ni mwendelezo wa nafsi: kumbukumbu, nia, mapenzi. Kwa hiyo nakala inapomwahidi anayekufa kwamba itampenda mkewe, itawalea watoto na kukimaliza kitabu chake, hali hiyo, kwa maoni ya Parfit, inakaribia kuwa sawa na kuendelea kuishi.

Hapo ndipo ninapoachana naye. Mwaka 1979 mwanafalsafa John Perry alisimulia jinsi alivyoufuata mchirizi wa sukari sakafuni dukani, akimtafuta mteja mwenye mfuko uliopasuka ili amwambie. Alizunguka rafu mara kadhaa, mpaka alipong'amua: ni mimi. Alikuwa anajua tangu mwanzo kwamba kuna mtu anayemwaga sukari, lakini ujuzi huo haukumfanya aukague mfuko wake mwenyewe. Kwa hiyo orodha ya ukweli kuhusu watu, hata iwe ndefu namna gani, haiwezi kushika nafasi ya "mimi" katika fikra za anayepaswa kutenda. Yule wa Duniani anaweza kuijua orodha yote ya Parfit na kuikubali. Akishaongeza kwamba anayekufa ni yeye, ana sababu ya kuogopa ambayo ahadi za nakala yake hazijaigusa.