Karakhana ya Vioo vya Rangi Mjini Boston

Wengi wetu tumeona madirisha ya kanisa yenye vioo vya rangi, wala hatukuuliza ni mikono ya nani iliyoyafanya. Leo twapenda kuwaelezeni habari za karakhana moja ya kazi hiyo, iliyokuwa katika mji wa Boston, nchi ya Marekani.

Aliyeianzisha mwaka wa 1913 ni Bwana Charles Connick. Siku zile watu wa Marekani walikuwa wamezoea kioo chenye ukungu kama maziwa, kisichopitisha nuru sawasawa. Yeye hakukipenda. Alikuwa amekwenda Ufaransa kuyatazama madirisha ya kale ya kanisa kuu la Chartres, akashika neno moja, kwamba dirisha ni kazi ya nuru kwanza, na picha baadaye.

Kazi yenyewe yataka saburi. Huchorwa kwanza mchoro wa ukubwa ule ule wa dirisha. Kisha kioo, ambacho rangi yake ilitiwa kilipokuwa kikiyeyuka tanuruni, hukatwa vipande kwa kuufuata mchoro. Nyuso na mikunjo ya nguo huchorwa kwa rangi nyeusi, navyo vipande hutiwa motoni ili rangi ishike. Mwisho huunganishwa kwa risasi, na maungio hutiwa lehemu. Wala fundi hawezi kukihukumu kioo kikiwa kimelala mezani. Sharti akiinue penye nuru, akitazame asubuhi, akitazame tena jioni. Maana jua likipungua nyekundu hufifia upesi, nayo buluu hubaki iking'aa.

Kwa njia hiyo yalitoka madirisha yapata 15,000, ya makanisa, shule na hospitali. Katika kanisa la Heinz huko Pittsburgh yako manne yenye kimo cha futi 73, nayo yanaonyesha wanawake kwa hesabu sawa na wanaume. (Akina mama, jambo hili tumelitaja kwa ajili yenu.)

Mwaka wa 1945 Bwana Connick alifariki, na hapo ndipo tunapomstahi zaidi. Karakhana yenye sifa namna ile aliwaachia mafundi waliofanya kazi pamoja naye, nao wakaiendesha wenyewe miaka arobaini. Sisi tumepata kuona jamaa wakigombania cherehani moja ya marehemu, hata matanga hayajaisha.

Walifunga mwaka wa 1986. Gharama zilikuwa zimepanda, na waliotaka madirisha ya namna ile walikuwa wamepungua. Tena jumba refu lilikuwa karibu kujengwa jirani yao, ambalo lingewazibia nuru ya jua. Na fundi wa vioo asiye na nuru atafanya nini? Michoro na vitabu vya kazi wakavitoa kwa maktaba ya watu wote mjini Boston. Hata leo, atakaye kulitengeneza dirisha lao lililovunjika huweza kwenda huko, akatazama liliagizwa na nani, na lilikusudiwa kuonyesha nini.