Shahbaz Bhatti, Mkristu katika Bunge la Pakistani

Je, Mkristu mlei anaweza kuingia katika mambo ya siasa bila kupoteza roho yake? Hatutaki kujibu kwa maneno matupu. Tuangalie maisha ya mtu mmoja wa inchi ya mbali.

Shahbaz Bhatti alizaliwa Lahore tarehe 9 septemba 1968. Jamaa yake ni watu wa Khushpur, kijiji cha Wakatoliki upande wa Faisalabad. Mapadri Wakapusini wa Ubelgiji ndio walioanzisha kijiji hicho, na jina lake linatoka kwa Padri Felix: kwa Kilatini felix ni mwenye heri, na kwa lugha ya kule khush ni mwenye furaha. (Waseminari wanaosumbuliwa na Kilatini waone kwamba kinafaa mpaka Pakistani.)

Katika inchi ile Waislamu ni zaidi ya 96 kwa watu 100. Wakristu hawafiki 2. Tangu mwaka 1986 sheria inasema kwamba anayemtukana Mtume Muhamadi anaweza kuhukumiwa kufa. Ubaya wake ni huu: neno la jirani mmoja linatosha kumtia mtu katika kifungo, hata kama ugomvi wenyewe ulikuwa juu ya shamba au juu ya deni. Tusifikiri kwamba Wakristu peke yao wanaumia. Waislamu wengi pia wameshitakiwa hivyo.

Bhatti alianza mapema. Mwaka 1985, akiwa kijana bado, alikusanya wenzake Wakristu katika chama cha kutetea haki zao. Mwaka 2002 akaunganisha watu wa dini ndogo mbalimbali, Wakristu, Wahindu na wengine, na mwaka 2008 akaingia katika Bunge la taifa. Hapa lazima tueleze kidogo. Katika Bunge lile viti 10 vimewekwa kwa wasio Waislamu, lakini si wao wenyewe wanaowachagua wabunge hao. Kila chama kinapata sehemu ya viti hivyo kwa kadiri ya ushindi wake, kiisha kinaweka watu wa orodha yake. Basi mbunge wa namna hiyo anadaiwa na chama chake. Akisema kwa nguvu mno, anaweza kuachwa mara ya pili. Bhatti alisema tu.

Novemba 2008 alifanywa ministri wa mambo ya dini ndogo. Katika miaka yake serikali iliwawekea watu hao sehemu 5 kwa 100 katika kazi zake, na mwaka 2010 katiba iliwapa viti 4 katika Senati. Agosti 2009, nyumba za Wakristu zilipochomwa moto Gojra na watu wakafa, alikwenda kule mwenyewe.

Kiisha likaja jambo la Asia Bibi, mama Mkristu aliyegombana na wanawake wenzake shambani juu ya maji ya kunywa. Novemba 2010 alihukumiwa kufa. Salman Taseer, gavana wa Punjab, Mwislamu, alimtetea. Tarehe 4 januari 2011 aliuawa na mlinzi wake mwenyewe. Bhatti naye alikuwa akitishwa siku nyingi. Hakunyamaza, wala hakukimbia inchi. Tarehe 2 machi 2011, alipotoka nyumbani kwa mama yake Islamabad, bila walinzi, watu wenye bunduki walisimamisha motokari yake, wakamwua. Alikuwa na miaka 42, wala hakuwa ameoa.

Alizikwa Khushpur. Biblia yake imewekwa Roma, katika kanisa la Mtakatifu Bartolomeo, pahali pa kukumbuka mashahidi wa siku zetu. Mwaka 2016 jimbo la Islamabad-Rawalpindi lilianza kuchunguza maisha yake. Lakini makatekista wasimwite mwenye heri mbele ya Eklezia kusema neno lake.

Asia Bibi aliachiliwa na korti kuu tarehe 31 oktoba 2018, akaenda Kanada mwaka uliofuata. Sheria yenyewe haikuondolewa.