Mgongo Uliopinda na Akiba ya Pumzi

Mama amshonea binti yake kanzu mpya. Kila akiinyosha, pindo la upande mmoja lapanda juu. Alishusha, lapanda tena. Mwishowe atambua kwamba kanzu haina kosa: bega moja la mtoto liko juu kuliko la pili. Nyanya asema, «Ni ndoo za maji.» Jirani asema kuna mkono wa mtu. Na kwa kuwa mtoto haumwi, tena hucheka na kukimbia pamoja na wenziwe, jambo laachwa.

Wasomaji wapenzi, tungependa lisiachwe upesi hivi. Uti wa mgongo ukipinda upande, kwa kawaida hujisokota pia kama kamba, nazo mbavu huufuata: huku zatokeza nyuma, huku zabanana. Kifua ndicho nyumba ya mapafu. Kuta zikiinama, mwenye nyumba akosa nafasi. Tena mbavu zilizokazana hazipandi vema wakati wa kuvuta pumzi, hata misuli hufanya kazi nyingi kwa hewa kidogo.

Mbona basi mtoto hukimbia? Pumzi yetu ya kawaida ni nusu lita tu, bali mwanamume mzima akijaza kifua na kuitoa hewa yote awezayo hufikia lita 4 au 5. Akiba hiyo kubwa hutudanganya, kwa maana yaweza kupungua miaka mingi pasipo mtu kujua. (Tumbako nayo hula akiba ile ile, na uzee pia.)

Si kila upindo unaodhuru. Waganga huupima katika picha ya eksirei. Chini ya digri 10 hawauhesabu kuwa ugonjwa. Ukipita digri 70 hivi, mapafu hupungukiwa wazi. Ukipita 100, mtu aweza kuhema kwa kazi ndogo. Hatari ni kubwa zaidi kwa mtoto wa chini ya miaka 5, kwa kuwa mapafu yake yangali yakijengwa.

Na ndoo? Hazina hatia, wala jirani hana. Mara nyingi sababu haijulikani. Lakini kibiongo chenye ncha, pamoja na homa na kukonda, huenda ni kifua kikuu kilichoingia mifupani, nacho kina dawa zake.

Mwambie mtoto ainame mbele, magoti yakiwa yamenyoka, mikono ikining'inia. Upande mmoja wa mgongo ukiinuka kuliko wa pili, mpelekeni kwa mganga angali akikua, maana wakati huo mkanda mgumu wa kiunoni na kifuani waweza kuzuia upindo usizidi.

Msishangae huko akipimwa mikono badala ya kimo. Mwaka 1846 mganga John Hutchinson wa London, aliyekwisha kupima pumzi za watu zaidi ya 2,000, alionyesha kwamba kadiri mtu alivyo mrefu ndivyo pumzi yake ilivyo kubwa. Lakini mgongo uliopinda huficha urefu wa kweli. Kwa hiyo mtoto hunyosha mikono yote miwili, na mganga hupima toka ncha ya kidole hata ncha ya kidole, apate kujua kifua kile kilipaswa kubeba hewa kiasi gani.