Haizunguki au Haiwaki? Lugha na Mantiki ya Kuchunguza Injini ya Trekta Kuukuu

Utangulizi

Mvua ya masika inapokaribia katika nyanda za Uasin Gishu na Trans Nzoia, mkulima mwenye trekta kuukuu huwa na hofu moja kuu: kwamba injini itamgomea siku ile ile shamba linapomngoja. Mahindi katika maeneo hayo aghalabu hupandwa kati ya Machi na Aprili, na juma moja likipotea mavuno huweza kupungua. Injini inapogoma, mkulima humpigia fundi simu na kumwambia, "Fundi, trekta limekataa." Kauli hiyo inaeleweka na kila mtu, lakini haimwelekezi fundi popote. Limekataa vipi?

Makala haya yanaeleza hatua za kutambua hitilafu katika injini ya dizeli ya trekta la zamani. Hoja yake kuu ni kwamba uchunguzi wa hitilafu ni kazi ya mantiki kabla ya kuwa kazi ya spana, na kwamba vitenzi vya kawaida vya Kiswahili, vikitumiwa kwa uangalifu, vinatosha kuibeba mantiki hiyo.

Injini na mahitaji yake

Mfano unaotumiwa hapa ni Massey Ferguson 135, trekta lililoanza kuundwa mwaka 1964 kuchukua nafasi ya lile la 35. Matrekta mengi ya aina hiyo yalitiwa injini ya dizeli ya Perkins yenye silinda tatu na ujazo wa takriban lita 2.5. Injini hii haina kompyuta wala vitambuzi vya umeme vya kutangaza kasoro. Chombo cha kwanza cha uchunguzi ni macho, masikio na pua ya fundi.

Ikumbukwe kwamba injini ya dizeli haina plagi za kutoa cheche. Pistoni huibana hewa ndani ya silinda hadi hewa hiyo ikawa moto mno, kisha nozeli hunyunyiza dizeli, nayo hujiwasha kwa joto hilo. Kwa hivyo, injini inahitaji mambo matatu ili iwake: izunguke kwa kasi ya kutosha, ipate hewa safi inayobanika vyema, na ipokee dizeli isiyochanganyika na hewa wala maji. Takriban kila hitilafu ya kuwaka hutokana na kukosekana kwa mojawapo ya haya.

Swali la kwanza: je, inazunguka?

Watu wengi husema "haiwaki" kwa hali mbili zilizo tofauti kabisa. Injini ambayo haizunguki haijafikia hatua ya kuhitaji dizeli, hivyo kuifungua pampu ni kupoteza muda na fedha. Fundi huanza na jambo rahisi: wenzo wa kuchagulia gia za juu na za chini uwe katikati, kwa kuwa trekta hili lina swichi ya usalama inayozuia stata kufanya kazi endapo wenzo huo umetiwa gia. Baadaye hukagua vichwa vya betri kama vina kutu, na waya unaounganisha betri na mwili wa trekta kama umelegea. Taa zikififia mno ufunguo unapozungushwa, shaka huielekea betri au viungo vyake.

Hali ya tatu, ambayo husahaulika, ni injini inayozunguka polepole. Ijapokuwa dizeli inafika, hewa hubanwa taratibu na joto hutoroka kabla ya kutosha kuiwasha. Hiyo nayo ni hitilafu ya umeme, wala si ya mafuta.

Swali la pili: je, inatoa moshi?

Iwapo injini inazunguka vizuri lakini haiwaki, fundi hutazama bomba la moshi. Pasipo na moshi wowote, dizeli haifiki kwenye silinda. Kabla ya kushika spana, huhakikisha kwamba kitufe cha kuzimia injini kimerudishwa ndani, tangi lina mafuta na koki yake imefunguliwa. Kisha hukagua vichujio, kwani maji na takataka hujikusanya humo.

Endapo tangi lilikauka au vichujio vilibadilishwa, hewa huwa imeingia katika mabomba, na ni lazima itolewe. Skrubu ya kutolea hewa iliyo juu ya vichujio hulegezwa, na kijiwenzo cha pampu ndogo ya kupandishia dizeli husukumwa kwa mkono hadi mafuta yatoke bila mapovu. Kijiwenzo kisipoleta ukinzani wowote, injini huzungushwa kidogo, kisha hujaribiwa tena. Skrubu za pampu kubwa hufuata, na mwishowe nati za mabomba kwenye nozeli hulegezwa huku injini ikizungushwa kwa stata. Utaratibu ni mmoja: kutoka tangini kuelekea kwenye nozeli, bila kuruka hatua.

Moshi mweupe ukionekana lakini injini isiwake, dizeli inafika ila joto halitoshi. Huenda asubuhi ni ya baridi na kifaa cha kupasha hewa moto hakifanyi kazi, au ringi za pistoni zimelika na mbano umepungua.

Swali la tatu: inasema nini ikiwa imewaka?

Rangi ya moshi huendelea kuwa ushahidi. Moshi mweusi huashiria dizeli nyingi kuliko hewa: kisafisha hewa kimejaa vumbi, nozeli ni mbovu au trekta limelemewa. Moshi wa samawati huonyesha kwamba oili inaungua, aghalabu kwa sababu ya ringi au njia za valvu zilizochakaa. Mapovu yasiyokoma kwenye rejeta, au oili iliyogeuka rangi ya maziwa, humwelekeza fundi kwenye gasketi ya kichwa cha silinda.

Hapa pia kitenzi kina uzito wake. Injini "iliyozimwa" imesimamishwa na dereva; "inayozimika" inajifia yenyewe. Ikizimika kidogo kidogo baada ya nusu saa ya kulima, kisha ikawaka tena ikipumzishwa, mafuta yanacheleweshwa. Wakati mwingine tundu dogo la kifuniko cha tangi ndilo limeziba, na kukilegeza kifuniko hicho ni jaribio lisilogharimu chochote.

Injini "inayokosa", yaani ambayo silinda moja haifanyi kazi, huchunguzwa ikinguruma taratibu. Nati ya kila bomba la nozeli hulegezwa kidogo kwa zamu. Mlio ukibadilika, silinda hiyo ilikuwa ikifanya kazi. Usipobadilika, hiyo ndiyo mgonjwa. Mkono usiwekwe kamwe mbele ya dizeli inayoruka kwa nguvu, kwani huweza kupenya ngozi na kusababisha jeraha baya.

Lugha na gharama

Kuna neno linalohitaji tahadhari zaidi: "kushika". Mkulima akisema injini "imeshika", huenda anamaanisha kwamba imewaka, au kwamba imegwama na haisogei. Maana hizo mbili zinapingana. Fundi aliye mbali akikosea, atabeba vifaa visivyohitajika na siku ya kupanda itapita.

Mjadala wa istilahi mara nyingi hujikita katika nomino: iwapo tuseme nozeli au tubuni neno jingine. Hata hivyo, nomino hizo za mkopo zimekwisha kukubalika gereji na hazimpotoshi mtu. Tofauti ya kuzunguka na kuwaka, kuzimwa na kuzimika, kukosa na kugonga, ndiyo inayoamua kitakachofunguliwa na kitakacholipiwa. Mwandishi wa kijitabu cha wakulima akizikusanya tofauti hizo atakuwa amewafaa.

Hitimisho

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika trekta kuukuu, ufa mara nyingi ni tundu la kifuniko, kutu ya betri au povu la hewa bombani. Anayeuliza kwa utaratibu na kujibu kwa kitenzi sahihi huuziba mapema. Anayesema tu kwamba "limekataa" huenda akalipia ukuta mzima, na mvua ikamkuta bado yumo gereji.