Baridi ama Moto?

Weita wa Nairobi atakuuliza hii swali kabla hata hujakalia kiti poa: baridi ama moto? Msee ametoka majuu hudhani ni jokes. Lakini kila mtaa una budaa mmoja amekunywa Tusker moto tangu enzi za Moi, na ukimletea ya friji anaicheki ni kama umemtusi. Kwa local yako hauulizwi. Weita analeta tu, anafungua chupa hapo mbele yako, kisha anarudisha kifuniko juu ya mdomo wa chupa. Hiyo kifuniko hukaa hapo ukienda kususu, juu kila mtu Nairobi ameskia stori ya msee aliwekewa mchele akaamka bila simu, bila viatu.

Hapo ndipo local inaachana na klabu za Westi. Huko unalipa kuingia, bausa anakupima na macho, ngoma inapigwa hadi unabonga na manzi kwa ishara. Local ni viti za plastiki, grili kwa kaunta, kreti zimepangwa nyuma, na TV ya ball. Ikibahatika ina ka-garden: miti mbili, mabati, jiko ya choma, na msee wa mutura kwa geti. Chupa tupu zinaachwa mezani, ndio hesabu isilete ngori.

Halafu cheki nani wameketi. Makanga, ticha, fundi wa stima, karani, hadi karao ameacha yunifomu kejani. Unataka keja bila kuitishwa deposit ya miezi mbili? Unatafuta plamba hatakuibia? Ulizia hapo, hautatoka mikono mitupu.

Lakini ukitaka kuona kazi ya local vizuri, ngoja mtu adedi mtaani. Kamati ya matanga inakaa meza ya kona, jioni, wasee wakitoka job. Mwenyekiti amepunguza sauti ya TV. Mweka hazina ako na kitabu ya mistari na biro imetafunwa, namba ya M-Pesa imebandikwa ukutani. Majina yanasomwa moja moja: huyu thao, yule rwabe, mwingine ameahidi Ijumaa na watu wanacheka juu wanamjua. Gari ya kupeleka mwili ocha inapangwa hapo hapo. Mathe mlokole wa ploti ya pili naye hukuja, anaitisha Stoney, anatoa yake, anaishia kabla mugithi haijaanza. Hakuna mtu humuuliza anafanya nini baa.

Serikali nayo haijawahi kutuacha tukunywe kwa amani. Miaka ya 1920 mkoloni alikuwa anasaka wamama wa Pumwani waliouza pombe kichinichini, na huku kanjo yenyewe imefungua holi yake hapo hapo, inauzia Waafrika tembo, faida inaenda kwa huduma zao. Yaani ulewe ndio usaidiwe! 2004 ikaja keg ya Senator, ikapunguziwa kodi ndio wasee waachane na chang'aa. Mtaa uliipenda hadi ukaiita Obama, juu jamaa alikuwa seneta. 2013 kodi ikarudi, bei ikapanda, mauzo yakaanguka vibaya. Mwaka uliofuata watu kibao wakafa kwa pombe chafu yenye methanoli. Kodi ikapunguzwa tena baadaye.

Sheria ya pombe ya 2010, ile ya mbunge Mututho, ndiyo ilituwekea saa: kumi na moja jioni hadi saa tano usiku, na wikendi unaanza saa nane mchana. Ndio maana saa tano ikikaribia unaona wazae wazima wanameza kama wako mashindano. Na 2020, juu ya korona, baa zikafungwa kutoka Machi hadi mwisho wa Septemba. Tei ilipatikana, ukitaka unakunywa kejani. Kitu ilikosekana ni watu.

Tusidanganyane lakini. Kuna budaa humaliza rent hapo na watoto wanafukuziwa fees. Na vile weita wa kike hushikwa-shikwa na watu wazima wakijifanya ni mzaha, hiyo ni ushamba, na mbogi yenye iko rada haifai kunyamaza.

Kama umehamia mtaa mpya, kalia kaunta, nunua yako moja, uliza ball ni saa ngapi. Usinunulie watu raundi siku ya kwanza, watakufanya ATM. Ukianza kukopeshwa, lipa mapema. Jina lako likibandikwa pale nyuma ya grili, kesho kinyozi atakuuliza unadaiwa ngapi.