Je, Wajua? Papa Hakosei, Lakini Lini?

Je, wajua kwamba Kanisa Katoliki halijawahi kufundisha kwamba Papa hatendi dhambi? Linachofundisha ni kwamba kuna mazingira fulani, tena finyu mno, ambamo Roho Mtakatifu humkinga asilipotoshe Kanisa. Dhambi ni habari nyingine, na Papa huungama kama muumini yeyote. Machi 2014, katika Basilika la Mtakatifu Petro, Papa Fransisko alionyeshwa kiti cha maungamo ambako angewasikiliza waamini. Akakipita, akaenda kupiga magoti kwa padre mwingine na kuungama yeye kwanza.

Je, wajua kwamba fundisho hili lilitangazwa rasmi majuzi tu, kwa kalenda ya Kanisa? Ni 18 Julai 1870, katika Mtaguso Mkuu wa Kwanza wa Vatikano, chini ya Papa Pio IX. Kura za ndiyo zilikuwa 533, za hapana 2.

Usidanganywe na hesabu hiyo. Siku 5 kabla, kwenye kura ya awali, maaskofu 88 walikataa na wengine 62 wakakubali kwa masharti. Wengi wa waliokataa walifunga mizigo wakaondoka Roma, kwa kuwa hawakutaka kumwambia Papa hapana mbele ya uso wake. Wawili waliobaki na msimamo wao hadi mwisho ni Luigi Riccio wa Caiazzo, Italia, na Edward Fitzgerald wa Little Rock, Marekani. Matokeo yalipotangazwa, wote wawili walilikubali fundisho palepale.

Na radi! Maaskofu walipokuwa wakiitwa jina kwa jina, dhoruba ilikuwa ikinguruma juu ya basilika. Waliounga mkono wakakumbuka mlima Sinai, waliopinga wakasema mbingu zimeghadhibika. Kila mtu alisikia radi yake.

Kesho yake Ufaransa ilitangaza vita dhidi ya Prussia. Askari wa Kifaransa waliokuwa wakimlinda Papa wakarudishwa kwao, na ilipofika 20 Septemba jeshi la Italia likaingia Roma. Kwa hiyo Papa alipoteza dola yake ya kidunia miezi 2 baada ya kutangaziwa kwamba hakosei. Mtaguso wenyewe uliahirishwa Oktoba, na maaskofu wale hawakuitwa tena.

Je, wajua masharti ya Papa kutokosea? Papa lazima aseme kama mchungaji na mwalimu wa Wakristo wote. Jambo lenyewe liwe la imani au maadili. Aonyeshe wazi kwamba anatoa uamuzi wa mwisho, na kwamba Kanisa zima linapaswa kuushika. Hapo ndipo inasemwa amenena *ex cathedra*, kutoka Kiti cha Petro. Sharti moja likikosekana, maneno yake yanaweza kustahili heshima, hata utii, lakini yametoka nje ya kinga hii. Mahojiano ndani ya ndege hayamo. Homilia ya Jumapili haimo. Maoni yake kuhusu uchumi, hali ya hewa au kandanda hayamo kabisa.

Je, wajua kwamba tangu 1870 mamlaka haya yametumika mara 1 tu bila ubishi? Ni 1 Novemba 1950, Pio XII alipotangaza kwamba Bikira Maria alipalizwa mbinguni mwili na roho. Wala hakuamka asubuhi moja na wazo hilo: 1946 aliwaandikia maaskofu wa dunia kuwauliza wao na waamini wao wanasadiki nini, na karibu wote walijibu ndiyo. Sikukuu ya kupalizwa huko, 15 Agosti, ni mapumziko ya kitaifa Rwanda na Burundi. Mfano mwingine unaotajwa sana ni Maria kukingiwa dhambi ya asili, fundisho lililotangazwa 8 Desemba 1854, karibu miaka 16 kabla ya tamko la 1870.

Papa hawezi kubuni imani mpya. Tamko lenyewe la 1870 linasema kwamba Roho Mtakatifu hakuahidiwa kwa waandamizi wa Petro ili wafunue mafundisho mapya, bali walinde yaliyopokelewa kutoka kwa mitume. Bismarck, Kansela wa Ujerumani, alipodai kwamba sasa maaskofu wamegeuka vibaraka wa mtawala asiye na mipaka, maaskofu wa Ujerumani walimjibu 1875: Papa amefungwa na sheria ya Mungu na yale Kristo aliyolipangia Kanisa. Pio IX mwenyewe akaliidhinisha jibu lao. Nashangaa hati hiyo haisomwi zaidi, hasa na wale wanaodhani kila neno la Papa ni Injili ya tano.

Je, wajua kwamba kuna Papa aliyelaaniwa na Mtaguso Mkuu? Honorius I, aliyefariki 638, alimwandikia Patriaki wa Konstantinopoli barua iliyounga mkono wazo kwamba Kristo ana utashi mmoja tu. Mtaguso wa 680–681 ulimlaani, na Papa Leo II akauthibitisha. Watetezi husema ile ilikuwa barua kwa mtu mmoja, si uamuzi kwa Kanisa zima. Yohane XXII naye alihubiri mwaka 1331 kwamba roho za watakatifu hazimwoni Mungu uso kwa uso mpaka siku ya hukumu. Wanateolojia wa Paris wakamjia juu. Alikana kauli hiyo kitandani akikata roho, 1334, na mwaka 1336 mwandamizi wake akafundisha kinyume chake.

Hati za Papa za kisiasa nazo hazimo katika kinga hii, na moja inatugusa sisi wa pwani: 1452 Papa Nicholas V alimpa mfalme wa Ureno ruhusa ya kuwashambulia Waislamu na wapagani na kuwatia utumwani daima. Nusu karne baadaye Wareno walikuwa Kilwa na Mombasa, na mizinga yao. Machi 2023 Vatikano ilitamka kwamba hati za aina hiyo hazikuwahi kuwa kielelezo cha imani Katoliki. Kwa watu wa Kilwa, tamko hilo lilichelewa kidogo.

Uteuzi wa maaskofu nao haumo. Kampala, Agosti 1969, Paulo VI alimweka wakfu Emmanuel Milingo wa Zambia kuwa askofu. Mwaka 2006 Milingo alitengwa na Kanisa kwa kuwaweka wakfu maaskofu wenye wake, na 2009 akaondolewa hadhi ya ukleri.

Hata Biblia ilishawahi kumtoa Papa jasho. Sixtus V alihariri kwa mkono wake toleo la Kilatini, akalichapa 1590 likiwa limejaa makosa, akafariki mwaka huohuo. Makardinali walilisitisha haraka, na jipya likatoka 1592.

Benedikto XVI yeye alijihami mapema. Katika dibaji ya kitabu chake kuhusu Yesu wa Nazareti, 2007, aliandika kwamba hayo ni matunda ya utafutaji wake binafsi, na kila mtu yu huru kumpinga. Wasomi wa Biblia hawakungoja kuambiwa mara mbili.