Moyo unapokosa mdundo: Jua kila tembe unayomeza ni ya kazi gani

Umeketi kwenye matatu, hujakimbia wala hujabishana na makanga, lakini moyo unadunda ovyo ovyo. Baada ya dakika 20 unatulia. Wiki ijayo mambo ni yale yale. Usijidanganye kwamba ni presha ya maisha tu.

Huenda ni AF, hali ambapo vyumba viwili vya juu vya moyo hutetemeka badala ya kusukuma damu kwa mpangilio. Eti ni ugonjwa wa wazee? Kwa nchi tajiri, mara nyingi ndiyo. Huku kwetu wapo vijana ambao vali zao za moyo ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi, iliyoanza na maumivu ya koo utotoni ambayo hayakutibiwa. Wengine tatizo ni tezi ya shingo, au pombe inayobugiwa wikendi nzima.

Kwa kuwa mdundo huja na kutoweka, kipimo cha ECG kinaweza kuonyesha uko poa. Andika siku, saa na ulichokuwa ukifanya kila unaposhikwa. Uliza pia kama kuna kifaa cha kuvaa saa 24.

Ukishapatikana na AF, dawa zitakuwa za kazi mbili. Usizichanganye.

Kazi ya kwanza ni kuzuia damu isigande. Damu ikituama moyoni huganda, na bonge likifika kwenye ubongo ni kiharusi. AF huongeza hatari hiyo takriban mara tano. Si kila mtu huhitaji dawa hizi: daktari huangalia umri, shinikizo la damu, kisukari na hali ya vali.

Kazi ya pili ni kutuliza mapigo. Bisoprolol na atenolol hupunguza kasi, ingawa zinaweza kukuchosha. Kama una pumu, sema mapema. Amiodaroni hujaribu kurudisha mdundo wa kawaida, lakini inaweza kudhuru tezi, ini na mapafu, kwa hivyo vipimo ni lazima.

Sasa tuje kwa ile inayosumbua wengi: warfarini au dawa mpya? Warfarini ni ya bei nafuu, ila utapimwa damu mara kwa mara ili INR ikae kati ya 2 na 3. Hesabu nauli na siku za kuomba ruhusa kazini. Sukuma wiki na managu hupunguza nguvu yake. Si lazima uziache, kula tu kiasi kile kile kila wiki. Dawa mpya hazihitaji INR, lakini hugharimu zaidi.

Je, mpya ndiyo bora? Inategemea vali. Utafiti wa INVICTUS, uliotolewa 2022, ulihusisha wagonjwa wa Afrika, Asia na Amerika Kusini wenye AF na moyo ulioathiriwa na baridi yabisi. Waliotumia warfarini walifariki wachache kuliko waliotumia rivaroxaban. Kwa hivyo kama vali yako imebana, usibadilishe dawa kwa sababu beste wako alibadilisha. Kama vali ni nzima, dawa mpya huwa chaguo la kwanza.

Dada, warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Mwone daktari kabla ya kupanga mimba, na usiiache kivyako. Ukienda kemisti kununua dawa ya maumivu, sema unachotumia: ibuprofen na aspirini huongeza hatari ya kuvuja damu.

Mtego mkubwa ni huu: dawa ya kuzuia damu kuganda haikufanyi ujisikie tofauti. Ndiyo maana wengi huiacha mfuko ukikauka. Ikiwa hela ndiyo shida, mwambie daktari waziwazi, atafute unayoweza kuimudu kila mwezi.

Na watu unaoishi nao wajue hili: uso ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakikwama, wakukimbize hospitalini papo hapo. Wasingoje asubuhi.